Pikapu Iliyotetemeka Ikiwa Tupu

Nyinyi vijana mnaoshika spana leo mna kijimashine cha kuchomeka chini ya usukani, nacho kinawasomea ugonjwa wa gari kabla hamjachafua mikono. Sisemi ni kibaya. Ningekuwa nacho nilipokuwa na umri wenu, magoti yangu yasingelalamika hivi kila ninapoinuka kitini. Lakini nimewatazama pale mjini Machakos. Mteja anafika, anafungua mdomo aeleze, na nyinyi mmeshainama kutafuta pa kuchomeka. Yeye anabaki na maneno yake mdomoni, na mara nyingi ugonjwa wote ulikuwa ndani ya maneno hayo. Nayasema haya nikiwa mkosaji mkubwa kuliko nyinyi wote, kama mtakavyosikia.

Naitwa Musyoka. Nimetengeneza magari kwa zaidi ya miaka thelathini, na kama kuna gari ninalolijua vizuri ni pikapu iliyokwisha kutumiwa na mtu mwingine. Miaka ya tisini ilipokuwa ikielekea ukingoni zilikuja nyingi kutoka Japani, zikashushwa Mombasa, zikapanda huku kwetu kubeba nyanya, saruji, mbuzi, maji, na Jumapili kwaya. Gari la namna hiyo huja na tabia za watu usiowajua. Mmoja alikuwa akipumzisha mkono juu ya gia, mwingine alikuwa akikanyaga klachi kama anaua nyoka, na wewe uliyenunua unarithi yote.

Acha niwape la bure kwanza. Pikapu ikiletwa gia zake zinakataa kuingia, usiguse spana. Zima injini. Kanyaga klachi, pitisha gia zote moja moja. Zikiingia laini injini ikiwa imezimwa, kisha zikakataa ikiwa inanguruma, giaboksi haina kesi. Klachi ndiyo haiachii. Zikikataa hata injini ikiwa kimya, hapo anza kushuku mkono wa gia na vilivyo chini yake. Na kama gia inaingia vizuri lakini inaruka yenyewe njiani, mwache mwenye gari aendeshe, wewe tazama ule mkono wa gia. Ukiuona unakwenda mbele na nyuma kila anapokanyaga mafuta na kuachia, basi injini na giaboksi zinacheza pale zilipofungwa. Hilo la mwisho sikulisoma katika kitabu. Nililipata kwa aibu, na sitalisahau.

Kuhusu mitetemo na kelele, hapo ndipo mtu anaweza kuzeeka bure. Katekista mmoja aliniletea pikapu iliyogonga kila inapokata kona. Nilikagua shokamzoba, nikabadilisha mipira, nikafungua hata usukani. Siku ya tatu mke wangu, aliyekuwa ameniletea chakula, alitaka mahali pa kuweka kikapu, akainamisha kiti mbele. Nyuma ya kiti kulikuwa na kengele ya mkono ya kanisa iliyofungwa kwa kitambaa. Katekista alisema alikuwa ameitafuta tangu Pasaka. Na kwa mwaka mzima, kila niliposhindwa na kitu nyumbani, mke wangu aliniuliza kama nimeangalia nyuma ya kiti.

Sasa niwaambie juu ya Mzee Nzioki, maana bila yeye ningestaafu nikiwa mjinga mwenye cheti.

Alikuwa jirani yangu katika uwanja wa juakali, pale mafundi wa mjini tunapofanyia kazi. Kazi yake ilikuwa springi. Alinunua springi zilizovunjika za malori, akazikata, akazipasha kwenye moto wa makaa na kuzipinda kwa nyundo mpaka zikakubali kukaa chini ya pikapu. Kila jani la springi alilolitengeneza alilitia vitone vitatu karibu na ncha, kama mfugaji anavyotia alama sikio la ng'ombe. Sisi tuliotoka chuo cha ufundi tulimwita mtu wa nyundo. Mimi, Mungu anisamehe, nilimwita hivyo hata akinisikia. Cheti changu nilikuwa nimekitia fremu na kukitundika juu ya sanduku la spana, mahali ambapo kila mteja angekiona kabla hajaniona mimi.

Lakini hata katika kiburi changu kulikuwa na jambo lililonisumbua. Mzee Nzioki hakukubali kutengeneza springi ya gari ambalo hajalipanda. Alivua viatu, akapanda nyuma kwenye bodi, akakaa juu ya gunia tupu, akaweka kiganja cha mkono kwenye ubavu wa gari na kufumba macho. Mwenye gari aliendesha. Wakirudi mzee alishuka, akavaa viatu vyake polepole, akasema ni jani gani limevunjika na liko upande gani. Ukilala chini kukagua unakuta ni hilo hilo. Nilimwona akifanya hivyo mara nyingi sana. Nilijiambia anabahatisha, ingawa sikupata kumwona akikosea.

Jambo moja la huku kwetu mlielewe, ama hadithi hii haitakaa sawa. Siku zile pikapu ya mtu wa kazi ilikuwa lazima iinue mgongo. Ukiinunua, kabla hata ya kubadilisha mafuta, unaipeleka iongezwe majani ya springi nyuma ili ibebe zaidi ya ilivyoumbwa kubeba. Pikapu yenye mgongo wa chini ilionekana ya mtu wa ofisi, ya kuendea harusi. Ile iliyoinuka nyuma kama jogoo anayetaka kupigana, hiyo ndiyo watu waliipisha sokoni. Na Mzee Nzioki ndiye aliyekuwa akiinua migongo hiyo. Nusu ya pikapu za eneo letu zilikuwa zimekalia vitone vyake vitatu.

Basi, kulikuwa na chama cha akina mama kule Ekalakala, wakulima wa ndengu, nyanya na mapapai. Walichanga kwa miaka, wakanunua pikapu moja ya kuwapelekea mazao sokoni. Dereva wao wa kwanza alikuwa kijana mmoja wa hapo, akaenda zake kutafuta kazi Nairobi, na usukani ukapewa mwanachama mwenzao aitwaye Mumbua. Mumbua alikuwa akishona suruali katika kiwanda kimoja cha EPZ, vile vya nguo za kuuzwa ng'ambo, huko Athi River. Aliacha kazi hiyo akarudi nyumbani kwa watoto wake kwa sababu ya usukani huo. Alikuwa mwanamke mwembamba, mtulivu, asiyepoteza maneno.

Alipoleta pikapu mara ya kwanza aliniambia hivi: "Fundi, gia ya tatu inaruka nikishuka mlima. Na hii gari ikiwa tupu inatetemeka kama mtu ako na malaria. Nikiijaza mizigo inanyamaza."

Nilicheka. Nikamuuliza kama ikijazwa huwa pia inasali. Mafundi wenzangu walicheka pia. Mumbua alingoja tumalize, kisha akanipa ufunguo.

Angalieni nilichofanya. Niliichukua pikapu ikiwa tupu, nikaizungusha mjini, kwenye lami, pasipo na mlima, polepole kwa sababu ilikuwa siku ya soko. Haikutetemeka, na gia haikuruka. Nikaamua hata hivyo kwamba ni giaboksi, maana giaboksi ndiyo niliyokuwa nikiijua zaidi. Niliishusha, nikaifungua, nikabadilisha zile pete za shaba zinazosaidia gia kuingia bila kelele, nikabadilisha na bearingi, nikaifunga. Kazi ilikuwa safi kabisa. Hadi leo nasema ilikuwa safi. Ila niliifanya kwenye kiungo kisichoumwa.

Wiki haikuisha, Mumbua akarudi. Gia ya tatu ilikuwa inaruka kama awali. Nikaishusha giaboksi tena, nikaitazama jino kwa jino, sikuona kitu. Na hapo ndipo nilipotenda ile dhambi ya mafundi ambayo nyinyi pia mtajaribiwa kuitenda. Mwenyekiti wa chama, mama mmoja mtu mzima aliyewahi kuwa mwalimu, alipita kwangu kuuliza gari lina nini. Ningeweza kumwambia sijui. Ni neno fupi. Lakini cheti kilikuwa kinanitazama kutoka ukutani, nikamwambia, "Giaboksi ni nzima, mama. Tafuteni dereva."

Nilisema na nikasahau. Maneno yale yalifika Ekalakala kabla ya pikapu.

Ilikuwa Alhamisi asubuhi Mumbua aliporudi mara ya tatu. Pikapu ilikuwa tupu na yeye alikuwa peke yake. Hakushuka kwa hasira, na hilo lilinichoma zaidi. Alisimama mbele yangu akasema Jumapili baada ya kanisa chama kinakaa, na wamekubaliana kumnyang'anya ufunguo, kwa sababu fundi wa mjini amesema yeye ndiye anayeharibu gari. Akitoka pale hana pengine pa kurudi. Nafasi yake kiwandani ilikuwa imeshachukuliwa.

"Sikuja kugombana," akasema. "Nataka tu upande na mimi mara moja, kwa ile barabara yenye inaniumiza."

Nilianza kumwambia nina kazi nyingi. Kweli nilikuwa na kazi nyingi. Lakini upande wa pili wa mabati nyundo ilikuwa imeacha kugonga, na Mzee Nzioki alikuwa amesimama akisikiliza, mikono imejaa masizi. Hakuna aliyemuuliza kitu. Alinawa mikono kwenye debe, akavua viatu, akapanda nyuma kwenye bodi, akatafuta gunia la kukalia. Ningesemaje tena? Nikapanda mbele.

Tulipanda barabara ya milima ya Iveti. Mnaijua ile, inapanda kama inakwenda kwa Mungu. Kupanda hakukuwa na shida. Tulipogeuza na kuanza kushuka, Mumbua akiwa gia ya tatu, aliinua mguu kutoka kwenye mafuta, na mkono wa gia ukaruka ukarudi katikati kana kwamba umepigwa teke kutoka chini. Pikapu ikaanza kukimbia yenyewe kuelekea kwenye kona. Mimi nilishika dashibodi kwa mikono yote miwili, na kama nilisema kitu hakikuwa cha kurudiwa hapa. Mumbua hakushtuka. Aligusa breki, akakanyaga klachi, akaachia, akapandisha mlio wa injini kidogo, akakanyaga tena, akaweka gia ya pili. Iliingia bila kelele hata kidogo. Tukapita kona ile kwa mwendo wa mtu anayekwenda kuchota maji.

Vijana, mimi nilifundishwa kukanyaga klachi mara mbili na mwalimu aliyelipwa kunifundisha, na sikuwahi kuifanya vizuri namna ile, tena mteremkoni. Nilimuuliza nani alimfundisha. Alisema hakuna. Alisema kule kiwandani, mashine ya kushona hubadilisha sauti kabla haijavunja sindano, na anayeisikiliza havunji sindano nyingi. Aliposhika usukani alisikiliza injini vilevile, akaona kuna sauti fulani ambayo gia hukubali kuingia, akawa anaitafuta sauti hiyo kila mara. Miezi mitatu alikuwa amewashusha akina mama na magunia yao milimani namna hiyo, na wao nyuma wakiimba. Hakika kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Tulipofika kwenye tambarare akaongeza mwendo, na kiti kikaanza kunitetemesha chini ya makalio. Mtetemo ulipanda mpaka kwenye meno. Ilikuwa kama alivyonieleza siku ya kwanza nikamcheka. Mzee Nzioki akagonga paa la gari mara mbili, Mumbua akasimama kando ya barabara.

Mzee alishuka, akaja dirishani kwa dereva. Nilitegemea aulize kelele ilianza lini, au ni kitu gani kiliharibika, maana hayo ndiyo maswali niliyokuwa nikiuliza mimi. Akamuuliza hivi:

"Mwaitu, hii gari mara ya mwisho ilifanyiwa nini kizuri?"

Kwetu mwaitu ni mama, na mzee kumwita mwanamke mdogo kwake namna hiyo ni heshima kubwa. Mumbua alifikiri. Akataja redio, viti vilivyoshonewa nguo mpya, jina la chama lililoandikwa mlangoni. Kisha akasema, "Na springi. Yule dereva wa kwanza alitumwa huku mjini, ikaongezwa majani mawili kila upande, ikainuka. Sikuwaambia kwa sababu hiyo haikuwa ugonjwa."

Liwekeni swali hilo mfukoni na mtembee nalo maisha yenu yote. Watu watakuja kuwaeleza kilichoharibika. Hawatakuja kuwaeleza kilichoboreshwa, kwa kuwa nani hupeleka habari njema hospitali? Baada ya siku hiyo nimekuwa nikiuliza swali hilo kila mara. Mwalimu mkuu mmoja aliniletea gari lisiloingia gia hata moja. Nikamuuliza lilifanyiwa nini kizuri, akasema mkewe amelinunulia zulia jipya. Zulia lile nene lilikuwa limekunjamana chini ya pedali ya klachi, klachi haifiki mwisho. Nililikata kwa kisu, kazi ikaisha kabla chai haijapoa. Lakini nimeruka mbele, turudi barabarani.

Mzee Nzioki alilala chali chini ya pikapu. Aliniomba mtaimbo, akauweka chini ya giaboksi, akainua kidogo, akaniita nitazame. Chini ya mkia wa giaboksi kuna kipande cha mpira ambacho giaboksi hukikalia. Nilikuwa nimekifungua na kukifunga mara mbili kwa mikono yangu hii. Kikiwa mezani kilionekana kizima, maana ufa wake hujifunga. Mtaimbo ulipoinua, mpira ulifunguka ukawa vipande viwili.

Akanieleza akiwa bado amelala, kwa sauti ya chini, kama mtu anayejieleza mwenyewe. Kutoka kwenye giaboksi kwenda magurudumu ya nyuma kuna ile fimbo ndefu inayozunguka, propela. Ukiinua mgongo wa gari, propela inalazimika kuzunguka ikiwa imeinama kuliko ilivyopangwa. Inatetemeka, inatikisa mkia wa giaboksi mchana kutwa, mpaka mpira unachanika. Mpira ukichanika giaboksi inacheza, mkono wa gia unagonga ukingo wa tundu lake kwenye sakafu, gia haiingii mpaka mwisho, na ukiachia mafuta inaruka. Ukijaza mizigo, mgongo unashuka, propela inanyooka, gari linanyamaza. Kila neno alilosema Mumbua siku ya kwanza lilikuwa kweli, tena kwa mpangilio.

Kisha mzee akajisogeza nyuma, akapangusa springi kwa kidole gumba. Nilipoinama nikaona anachokiona. Vitone vitatu.

"Ni mkono wangu," akasema.

Ijumaa tulifanya kazi pamoja kutwa nzima. Yeye alitoa yale majani aliyoyaongeza na kurudisha mgongo mahali pake. Mimi niliweka mpira mpya na krosi mpya, vile viungo vya kwenye ncha za propela. Mchana, tukila githeri, nilimpa ushauri ambao bado unaniumiza nikiukumbuka. Nilimwambia hakuna haja ya kutaja springi. Tungewaambia akina mama kwamba mpira ulizeeka, na ni kweli ulikuwa umekufa. Kila mtu angeondoka na heshima yake. Nilimkumbusha kwamba mkate wake wote ni kuinua migongo ya pikapu, na akisema hadharani kwamba migongo inaua magari, kesho atakula nini?

Alitafuna mpaka akamaliza. "Ni kweli mpira umekufa," akasema. "Lakini nani aliua?"

Kabla sijawapeleka Ekalakala niwaambie yaliyompata baadaye, nisije nikasahau. Watu walikuja. Wengine walikuja kwa hasira, wakataka atoe majani aliyoyaongeza, akayatoa bila kubishana. Wengine walikuja kuongezewa hivyo hivyo, na yeye akawauliza wanabeba nini, barabara gani, na wanarudi na nini. Aliyekuwa akirudi bila mzigo, mzee alimkatalia. Kwa miezi kadhaa moto wake ulikuwa ukiwaka siku mbili tatu tu kwa wiki. Halafu madereva wa mbali wakaanza kumtafuta kwa jina, wakisema kuna mzee Machakos anayekataa kazi, na kama anakataa kazi basi anayoikubali itakuwa nzuri. Mimi nilihamisha cheti changu nikakitundika nyumbani, chumba cha kulala.

Jumapili ile Mumbua alikuja kutuchukua asubuhi. Chama kilikaa katika ghala lao, akina mama kama ishirini juu ya magunia na viti vya kuazima, bado wamevaa nguo za kanisani. Ufunguo uliwekwa mezani mbele ya mwenyekiti. Mumbua alikaa nyuma karibu na mlango, kama mtu ambaye ameshaambiwa matokeo.

Mzee Nzioki alisimama akazungumza kwa Kikamba, na sitaweza kuyaweka yote hapa kwa uzuri wake. Hakujitetea. Aliwaambia yeye ndiye aliyeinua mgongo wa gari lao, kwamba alipewa kazi akaifanya bila kuuliza gari litarudi likiwa na nini kutoka sokoni, na kwamba ni springi zake zilizovunja kile kinachobeba giaboksi. Aliwaambia pia jambo ambalo hawakupenda kulisikia, kwamba kuanzia leo pikapu itabeba magunia machache kuliko waliyoyazoea. Wengine waliguna. Nilimtazama yule mtu wa nyundo, ameshika kofia mkononi mbele ya wanawake wasiomjua, akijivunjia jina alilolijenga kwa miaka mingi, na sauti yake haikutetemeka. Sijamwona mtu mkubwa kuliko yeye, na nimewatengenezea magari wakubwa wengi.

Alipokaa, mwanamke mmoja mzee aliuliza kutoka kwenye gunia lake: kama ni springi, basi nani aliyesema ni dereva?

Vichwa vyote viligeuka kwangu. Nilisimama. Nikaanza kueleza. Nilieleza pete za shaba, nikaeleza bearingi, nikaeleza jinsi ufa wa mpira unavyojifunga ukiwa mezani, jinsi ambavyo fundi yeyote angeweza kuupita. Nilieleza kwa ufundi mkubwa. Jasho lilikuwa linanitoka mgongoni, na nilikuwa nakaribia kukaa.

"Umemaliza ya gari," Mumbua akasema kutoka mlangoni, bila kupandisha sauti. "Sasa sema yangu."

Nilitazama meza, nikatazama ufunguo. Nikawaambia kwamba mama huyu alinieleza ugonjwa wote siku ya kwanza na mimi nikamcheka. Kwamba niliposhindwa kuupata, sikutaka kusema nimeshindwa, nikamsingizia yeye. Kwamba kwa miezi mitatu aliwashusha milimani na gari linalotema gia, na hakuna hata mmoja wao aliyejua, kwa jinsi alivyojua kuliendesha. "Mimi nisingeweza," nikasema. "Na niko na cheti."

Mwenyekiti hakuuliza kura. Aliusukuma ufunguo mpaka ukingo wa meza, akangoja. Mumbua alikuja akauchukua, akatuambia tutachelewa kufika Machakos.

Mzee Nzioki alitaka kupanda nyuma kama kawaida yake. Mumbua alimfungulia mlango wa mbele, akangoja mpaka akae. Kwa hiyo mimi ndiye niliyepanda kwenye bodi. Nilivua viatu, nikakaa juu ya gunia tupu, nikaweka kiganja kwenye ubavu wa gari. Tulikuwa hatuna mzigo wowote. Nilisikia gia ya kwanza, nikasikia ya pili, barabara ikaanza kushuka kuelekea mtoni, na nikatega sikio nisikie gia ikiruka atakapoweka ya tatu na kuinua mguu. Sikusikia kitu.